Je, Kompyuta Inakuibia Kwenye UNO? Historia Fupi ya Karata za Rangi

Kama umewahi kucheza UNO na kompyuta, hali hii unaijua. Umebakiwa na karata moja, ushindi unaunusa, halafu mashine inashusha "okota nne". Unaokota. Unajikongoja hadi unabaki tena na mbili, inashusha nyingine. Hapo wengi wetu tunatoa hukumu bila kusubiri ushahidi: hii kitu inaiba!

Shaka hiyo si ya kitoto. Watu wakikaa mezani kucheza karata, kazi tatu hugawanywa kati yao: mmoja anachanganya, wote wanasimamia sheria, na kila mtu anakumbuka anachoweza. Ukicheza na kompyuta, kazi zote tatu zimeshikwa na mpinzani wako. Ni kama kucheza mechi ambayo refa, mwenye uwanja na mshambuliaji wa timu pinzani ni mtu mmoja. Hebu tuone tulifikaje hapo.

Kinyozi na mwanawe

UNO ilizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Reading, Ohio, nchini Marekani. Aliyeibuni, Merle Robbins, hakuwa mwanahisabati wala mhandisi, alikuwa kinyozi. Inasimuliwa kwamba alibishana na mwanawe Ray, ambaye alikuwa mwalimu, juu ya sheria za mchezo wa Crazy Eights. Katika mchezo huo unatumia karata za kawaida, lakini baadhi zina kazi maalumu ambazo lazima uzikariri: hii inaruka mtu, ile inageuza mzunguko. Kila nyumba ina yake, na ubishi hauishi. Ufumbuzi wa Robbins ulikuwa rahisi: andika kazi ya karata juu ya karata yenyewe, ubishi uishe.

Familia ilikusanya dola 8,000 na kuchapisha pakiti 5,000 za mwanzo, nyingine zikiuzwa pale pale kwenye kinyozi. Mwaka uliofuata haki za mchezo ziliuzwa kwa kundi la watu wa Joliet, Illinois, likiongozwa na Robert Tezak, mwenye biashara ya mazishi. Bei ilikuwa dola 50,000, pamoja na senti 10 kwa kila pakiti itakayouzwa. Mwaka 1992 mchezo ukaingia mikononi mwa Mattel.

Usidhani ukoo huu wa karata uko mbali nasi. Wajerumani wana ndugu yake aitwaye Mau-Mau. Kenya kuna "poka" ya mitaani, ambayo haihusiani kabisa na ile poka ya kamari, na humo mchezaji anayekaribia kumaliza lazima atangaze "niko kadi!" Neno "uno", yaani moja kwa Kihispania na Kiitalia, linafanya kazi ile ile: kuwatahadharisha wenzako kabla hujawamaliza. Hata majina yetu ya zamani ya karata yana safari yake. Karata, kopa, uru, shupaza na pau yote yametoka kwa Wareno.

Kazi ya kwanza: kuchanganya

Pakiti ya asili ya UNO ina karata 108. Kuna rangi nne, kila rangi karata 25, halafu nyeusi nane: nne za kubadili rangi na nne za "okota nne". Kila mchezaji anaanza na saba.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kama karata zimechanganywa kwa haki, uwezekano wa mkono wa kwanza kuwa na angalau "okota nne" moja ni takriban asilimia 24. Yaani karibu mchezo mmoja kati ya minne, mpinzani wako anaanza akiwa tayari na bunduki mfukoni, na hapo hujahesabu anazookota baadaye. Kwa hiyo kushushiwa hiyo karata mara kwa mara si ushahidi wa wizi. Tatizo ni kwamba kichwa chetu hakiweki rekodi ya michezo ambayo hatukuumia.

Lakini je, mashine inajuaje kuchanganya "kwa haki"? Mwaka 1938 wanatakwimu Ronald Fisher na Frank Yates walichapisha njia ya kupanga orodha kwa bahati nasibu, kwa karatasi na kalamu. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaitoa kwa umbo linalofaa kompyuta. Wazo ni hili: nenda kwenye nafasi ya mwisho, chagua karata yoyote kati ya zote, ibadilishe na iliyopo hapo. Sogea nafasi moja nyuma, chagua kati ya zilizobaki tu. Endelea hivyo hadi mwanzo.

Hayo maneno "zilizobaki tu" ndiyo roho ya jambo lenyewe. Waandika programu wengi huteleza hapo: katika kila hatua wanachagua kati ya karata zote. Inaonekana ni sawa tu, si ndiyo? Jaribu na karata tatu. Hatua tatu, kila moja ina chaguo tatu, jumla njia 27. Lakini mipangilio ya karata tatu ni sita, na 27 haigawanyiki kwa sita. Lazima mipangilio mingine itokee mara nyingi kuliko mingine. Mwizi hayupo, lakini haki nayo haipo.

Hili lilitokea kweli. Mwaka 1999 watafiti wa usalama wa programu nchini Marekani walichunguza mchezo wa poka uliokuwa ukichezwa mtandaoni kwa pesa halisi. Waundaji wake walikuwa wamechapisha hadharani namna wanavyochanganya karata, ili kuwahakikishia wachezaji kwamba hakuna ujanja. Watafiti wakaona kosa hilo hilo ndani yake, na lingine kubwa zaidi: bahati nasibu yote ya programu ilitokana na namba moja ya mwanzo, tuiite mbegu, iliyochukuliwa kwenye saa ya kompyuta. Mbegu hiyo ilikuwa idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu, wakati karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia ambazo hesabu yake ina tarakimu 68! Kwa kulinganisha saa yao na ya mashine, kisha kuangalia karata chache zilizokuwa wazi, waliweza kujua karata za kila mchezaji mezani.

Kazi ya pili: kusimamia sheria

Wengi hatujui kwamba kwa sheria rasmi huruhusiwi kushusha "okota nne" kama unayo karata ya rangi inayochezwa. Unaweza kudanganya, ndiyo, lakini mwenzako ana haki ya kukupinga. Ukikutwa na hatia, unaokota wewe hizo nne. Ukikutwa safi, aliyekupinga anaokota sita. Ni mchezo wa kusomana macho.

Na kubebanisha "okota mbili" juu ya "okota nne"? Mwaka 2019 wenye UNO walitangaza mtandaoni kwamba hairuhusiwi, na watu wengi wakakataa kata kata. Nyumbani mnaweza kukataa. Kwa kompyuta, sheria ni ile aliyoiandika mwandishi wa programu, basi. Mchezo uliozaliwa kwa ubishi wa baba na mwana umefika mahali ambapo hakuna wa kubishana naye.

Kazi ya tatu: kukumbuka na kukisia

Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye chesi. Lakini chesi iko wazi, kila kete inaonekana. Karata zinafichwa, kwa hiyo mashine inabidi ikisie. Kompyuta haihitaji kukuchungulia: inakumbuka kila karata iliyoshuka, na ukiokota kwenye nyekundu, inaandika kwamba huenda huna nyekundu. Wewe ulishasahau, yenyewe bado inahesabu.

Hata ukiondoa siri yote, ugumu haupotei. Mwaka 2010 watafiti akiwemo Erik Demaine, pamoja na wawili ambao jina lao la ukoo ni Uno (kweli kabisa!), walionyesha kwamba hata mtu mmoja akiwa na karata zote wazi, kujua kama anaweza kuzishusha zote ni tatizo gumu pale rangi na namba zinapoongezwa bila kikomo. Zikibaki rangi chache, kama nne zetu, tatizo linalegea.

Na ule uongo wa kusomana macho? Januari 2017 programu ya Libratus, ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wataalamu wanne wa poka katika mikono 120,000. Ilidanganya vizuri bila kuwa na uso.

Kwa hiyo, inaiba?

Unaweza kupima mwenyewe. Cheza michezo 100 na uandike ni mara ngapi mkono wako wa kwanza una "okota nne". Ikiwa karibu na 24, mchanganyo hauna shida. Ikiwa tano au hamsini, shaka yako ina msingi. Kipimo hicho, hata hivyo, hakikuonyeshi kama mpinzani anaziona karata zako. Hilo linajulikana kwa kusoma programu yenyewe tu.

Kwenye UNO hasara ni hasira ya dakika tano. Lakini mashine za aina hiyo hiyo leo ziko kwenye simu zetu zikichezesha kamari kwa pesa ya chakula na ada. Kabla hujaweka shilingi yako, uliza: nani alichanga karata, na nani aliruhusiwa kumkagua?