Kipimo cha kiumbe (michezo ya kadi)

Kipimo cha kiumbe ni tarakimu inayochapwa kwenye kadi kuonyesha uwezo wa kiumbe vitani. Katika Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotoka mwaka 1993, viumbe wana vipimo viwili: nguvu, yaani madhara wanayotoa, na uimara, yaani madhara yanayotosha kuwaua. Kuongeza cha tatu ni kazi ngumu, maana kadi zote za zamani hazina. Toleo la Mirage la 1996, lililochota kutoka Afrika hata majina, kama la kiumbe Zuberi, liliwaongezea viumbe uwezo wa maandishi tu, si kipimo kipya. Mbunifu wa Goma akichora kiumbe wa volkano ya Nyiragongo anaweza kumpa kipimo cha tatu, joto linalopanda kila zamu hadi alipuke; kipimo hicho kitafaa ikiwa kitamlazimu mchezaji kuchagua kati ya kushambulia sasa na kungoja.