Mlima Ulioandikwa na Daktari

Mwaka 1768 William Heberden aliwasomea madaktari wenzake jijini London maelezo ya ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa ameueleza vizuri kabla yake. Mtu anatembea, hasa akipanda kilima, hasa akiwa ametoka kula, mara kifua kinambana kana kwamba roho inataka kumtoka. Akisimama tu, maumivu yanakwisha. Kilima kikawa mshitakiwa wa kwanza. Lakini Heberden huyohuyo aliacha pia habari za mgonjwa aliyejipangia kukata magogo kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona kabisa.

Habari hiyo ya pili haikupotea. Mwaka 1854 William Stokes wa Dublin aliandika kwamba wapo wenye moyo dhaifu wanaofaidika na matembezi yenye mpango, hata kwenye milima ya Uswisi, Scotland au Ireland. Mjerumani Max Joseph Oertel wa Munich akalifanya wazo hilo kuwa tiba kamili katika miaka ya 1880. Kwake yeye mwinuko ulikuwa kipimo cha dawa. Njia za kutembea ziligawanywa katika madaraja manne, kuanzia tambarare hadi mpando mkali, zikawekewa alama za rangi ili mgonjwa asikwee tu apendavyo. Alianza na tambarare, akapumzika kila alipohema, na hakupanda daraja hadi mwili umezoea. Miji ya mapumziko ikachangamkia biashara hiyo. Huko Meran, wakati huo ikiwa chini ya Austria, daktari Franz Tappeiner aliwapatia wageni njia inayozunguka ubavu wa mlima juu ya mji. Ilifunguliwa mwaka 1893 na watu wanaitembea mpaka leo.

Kisha mlima ukapigwa marufuku.

Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alieleza jinsi damu inavyoganda ghafla ndani ya mshipa wa moyo, na kwamba mtu anaweza kunusurika. Dawa aliyoisisitiza ni kupumzika. Mwaka 1939 uchunguzi wa maiti uliofanywa Boston ulionyesha kuwa jeraha la moyo huchukua wiki kadhaa kugeuka kovu imara, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Paul Dudley White. Madaktari wakapiga hesabu: wiki sita kitandani, kwa uchache. Mtu mzima alilishwa kwa kijiko, akanyolewa ndevu na muuguzi, akajisaidia kwenye beseni akiwa amelala. Wengi walipata vidonda vya mgongoni, misuli iliyonyauka, au damu iliyogandia miguuni ikapanda mapafuni na kuwaua.

Huko huko Boston, Samuel Levine na msaidizi wake Bernard Lown wakathubutu jambo dogo: kiti. Waliwatoa wagonjwa 81 kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti cha kuegemea. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1952 yalionyesha kwamba kiti hakikuwadhuru. Mwaka uliofuata Jeremy Morris na wenzake wa London wakatoa takwimu za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi zamu nzima, walipata maradhi ya moyo mara chache kuliko madereva waliokaa.

Septemba 1955 mshtuko wa moyo ukampata Rais Eisenhower wa Marekani akiwa Denver. Aliyeitwa ni White yuleyule, ambaye sasa alihubiri baiskeli na kutembea. Aliwaeleza wanahabari kila kitu, hata habari za rais kwenda haja, na akamruhusu arudi kazini. Miezi michache baadaye Eisenhower alikuwa uwanjani akicheza gofu, na Novemba 1956 akachaguliwa tena.

Ushahidi uliokizika kitanda ulitoka Dallas mwaka 1966. Vijana watano wenye afya walilazwa siku 20, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Kama kitanda kiliwafanyia hivyo wazima, mgonjwa je? Huko Toronto, Terence Kavanagh aliwafundisha waliopona mshtuko kutembea, kisha kukimbia. Mwaka 1973 saba kati yao walishiriki mbio za marathoni za Boston, zenye vilima vyake vya Newton vinavyowatoa jasho hata wazima, na wote wakamaliza.

Siku hizi mgonjwa ambaye hali yake imetulia huanza kutembezwa wodini ndani ya siku chache, hujaribiwa ngazi, kisha hupewa mazoezi ya wiki kadhaa chini ya uangalizi. Mwenye hamu ya vilima hupimwa kwanza moyo akiwa anatembea kwenye mashine. Akiruhusiwa, huanza na mpando mfupi, kwa mwendo unaomwezesha kuongea bila kukatika pumzi. Kama ameandikiwa dawa ya kuweka chini ya ulimi, huwa nayo mfukoni. Kifua kikibana, anasimama hapo hapo. Kisipoachia, anaita msaada.