Mfumo Mpya wa Kompyuta: Kuhama au Kubaki?

Mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa mjini alinisimamisha juzi akanionyesha kompyuta yake. Kila akiiwasha asubuhi, inamletea onyo lile lile kwenye skrini: mfumo wako haupati tena huduma, hamia mfumo mpya. Fundi naye, baada ya kuipima, amemwambia kwamba kompyuta hiyo haiwezi kuupokea mfumo mpya, kwa hiyo anunue nyingine. "Sasa kaka," akaniuliza, "kitu kinafanya kazi, kinachapa, kinatoa karatasi, nikitupe kwa kosa gani?"

Swali hili lina historia ya miaka thelathini, na historia hiyo haimwungi mkono fundi moja kwa moja, wala haimwungi mkono yule mama.

Mfumo unaosemwa hapa ni ile programu inayoamka unapoiwasha kompyuta. Ndiyo inayozipa programu nyingine mahali pa kukaa, ndiyo inayozungumza na kibodi, printa na intaneti. Kompyuta ya mama huyu inatumia Windows 10, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 29 Julai 2015. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa watumiaji wa kawaida waliruhusiwa kujiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja hadi Oktoba 2026. Huduma kukoma si kompyuta kuzimika. Maana yake ni kwamba wezi wakigundua tundu jipya katika mfumo huo, mwenye kuutengeneza hatakuja tena kuliziba.

Zamani hakuna aliyejali tarehe kama hizo. Iliyokuwa ikitangazwa ni tarehe ya kutoka tu. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, watu katika miji ya Marekani na kwingineko walipanga foleni usiku wa manane kuinunua. Jengo la Empire State la New York likawashwa taa za rangi za Windows. Huko London, gazeti la The Times la siku hiyo liligawiwa bure, gharama zikilipwa na Microsoft, jambo ambalo sisi tunaoishi kwa kuuza magazeti tunalikumbuka kwa wivu kidogo. Wengine walirudi nyumbani na boksi lenye disketi 13, za kuingizwa moja baada ya moja. Kompyuta iliyotakiwa ilikuwa ya prosesa ya 386 yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, na hata hivyo wengi wenye megabaiti 4 waliona mashine zao zikijikokota kama gari la kokoto mlimani.

Mafundi wa siku zile walijifunza jambo moja: usiwe wa kwanza. Nalo lilikuwa neno la haki kabisa. Tazama Windows XP, iliyotoka tarehe 25 Oktoba 2001. Leo watu wanaisifu kana kwamba ilizaliwa imekamilika. Haikuwa hivyo. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kiliziingia kompyuta zake kupitia mtandao, bila mwenyewe kubonyeza chochote, zikawa zinazima na kuwaka zenyewe. Ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao ulikuwa umo ndani ya XP tangu mwanzo, lakini ulikuja ukiwa umezimwa! Agosti 2004 tu, katika marekebisho makubwa ya pili, ndipo ukuta huo ulipowekwa kuwaka wenyewe. Aliyengoja miaka mitatu alipata nyumba yenye mlango na komeo.

Kisha ikaja Windows Vista, Januari 2007. Ilikuwa nzito, na printa nyingi za zamani hazikuelewana nayo. Aliyeirukia akajuta. Aliyekaa na XP yake hadi Windows 7 ilipotoka, Oktoba 2009, hakupoteza kitu.

Lakini hapa ndipo subira ilipogeuka kuwa uzembe. XP ikazoeleka mno. Ikakaa maofisini, hospitalini, na hata ndani ya mashine za benki za kutolea fedha katika nchi nyingi. Microsoft ilitangaza mapema kwamba huduma ya XP ingekoma tarehe 8 Aprili 2014. Ilipofika siku hiyo, Serikali ya Uingereza ilikuwa bado haijamaliza kuhama, ikalazimika kuilipa Microsoft pauni milioni 5.5 ili ofisi zake zizibiwe matundu kwa mwaka mmoja zaidi. Fedha hizo hazikununua hata kompyuta moja.

Miaka mitatu baadaye, Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa saa chache. Kilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili kuyafungua. Huko Uingereza, ripoti ya wakaguzi wa hesabu za serikali ilisema kwamba taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za hospitali za umma za England ziliathirika, na ikakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Mtu aliyekuwa amengoja upasuaji kwa miezi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya tundu katika kompyuta ambayo hajawahi kuiona.

Siku zile lawama zote ziliangushiwa XP. Nami nilikuwa miongoni mwa walioamini hivyo. Uchunguzi ulipofanywa, ikaonekana kwamba kompyuta nyingi zilizopatwa katika hospitali zile zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa bure tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Hakikuwekwa. Watafiti waliojaribu kirusi hicho kwenye XP waliona kwamba mara nyingi mashine ilianguka na kuonyesha skrini ya bluu hata kabla ya kuambukiza jirani. Mfumo uliochakaa ulijifia. Ulioeneza maradhi ni ule ambao haukutunzwa.

Kwa hiyo ningemwambia yule mama asitazame sana upya wala uzee. Atazame kama yupo mtu anayeziba matundu, na kama yeye mwenyewe huwa anaviruhusu viraka vikae au huibonyeza "baadaye" kila siku kwa kuogopa kumaliza bando.

Sasa tuje kwenye lawama yake, maana anayo haki. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilikuja na masharti. Kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambayo ni mara elfu moja na ushei ya ile ya mwaka 1995, si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kompyuta lazima iwe na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa ni za mtumba zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya. Ofisi ya huko ilizitoa kwa sababu ya umri wake, sisi tukazipokea kama mpya. Mtengenezaji anapoweka mstari kwenye mwaka fulani, yeye anawafikiria wateja wake wa kwanza. Mama wa fotokopi hayumo katika hesabu zake.

Wapo waliojaribu kutoka katika hesabu hizo. Jiji la Munich huko Ujerumani, lilipoambiwa kwamba huduma ya Windows NT 4 inakoma, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, mfumo usiomilikiwa na kampuni moja na usiouzwa. Ilichukua miaka kumi kuhamisha kompyuta karibu 15,000. Kisha mwaka 2017 baraza la jiji hilo hilo likapiga kura kurudi Windows. Mabishano ya kama lilifanya vyema hayajesha mpaka leo. Hapa kwetu, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, za bure. Ni wangapi kati yetu tulizitumia? Tulipendelea nakala za wizi za programu za Kiingereza. Ajabu yetu.

Lakini Linux yaweza kuiongezea umri kompyuta ya mama huyu bila senti ya kununua mfumo, endapo atapata fundi anayeijua na printa yake ikakubali. Afanye majaribio kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu.

Nikamwuliza kilichomo ndani ya kompyuta yake. Akasema, "Kazi za wateja tu." Tukafungua. Zilikuwamo nakala za vitambulisho, vyeti vya shule, mikataba ya pango, barua za maombi ya kazi zenye namba za simu, za miaka sita. Na kila siku flashi za watu asiowajua huingia na kutoka katika mashine hiyo. Akanyamaza kidogo. Hakuwa amefikiri kwamba anachokilinda ni mali ya watu wengine.

Tukakubaliana hivi. Mafaili ya wateja waliokwisha kuondoka yafutwe. Kompyuta ile ibaki ya kuchapa na kutoa karatasi tu, bila intaneti, mpaka shule zitakapofunguliwa Januari, maana huo ndio msimu wake wa fedha. Hapo atanunua nyingine, na kabla ya kulipa ataitaka ionyeshwe kizazi cha prosesa yake, siyo rangi ya kasha.

Waya wa intaneti tuliuchomoa palepale. Barua pepe za wateja sasa anazifungulia kwenye simu yake, nami sikuthubutu kumwuliza simu hiyo ni ya mwaka gani.