Soko na Maadili: Bei Inapochukua Nafasi ya Wajibu

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayalilaani soko. Katika Waraka wake wa Kitume *Centesimus Annus* wa mwaka 1991, uliotolewa miaka 100 baada ya *Rerum Novarum* ya Papa Leo XIII, Mtakatifu Yohane Paulo II alikiri kwamba soko huria ni chombo chenye ufanisi katika kutumia rasilimali na kukidhi mahitaji ya watu. Lakini katika waraka huohuo alionya kwamba kuna mambo ambayo kwa asili yake hayawezi wala hayapaswi kuuzwa na kununuliwa.

Tusikiapo onyo hilo, wengi wetu hufikiria mara moja biashara ya viungo vya binadamu au ya kura. Uovu wa mambo hayo u wazi. Hapa twapenda kutazama jambo lililo karibu zaidi nasi: jinsi bei inavyobadili maana ya tendo, hata ilipowekwa kwa nia njema.

Mwaka 2000, wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti uliofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, nchini Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao waliwalazimu walezi kubaki baada ya muda wa kazi. Vituo 6 vikaanza kutoza faini ndogo. Waliochelewa hawakupungua, bali waliongezeka karibu mara mbili. Na faini ilipofutwa, hali haikurudi kama awali. Maelezo yake si magumu. Hapo kwanza mzazi aliona haya mbele ya mlezi aliyemsubiri. Faini ilipowekwa, akajiona amenunua muda wake, wala hadaiwi tena hata neno la samahani.

Miaka 30 kabla ya hapo, Mwingereza Richard Titmuss alikuwa ameandika kitabu kuhusu utoaji wa damu, akilinganisha nchi yake, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako wengi walilipwa. Hoja yake ilikuwa kwamba malipo hudhoofisha moyo wa kujitolea na kuleta damu isiyo salama. Wataalamu wamebishana naye katika mengi. Hata hivyo, tangu mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani limezihimiza nchi kutegemea watoaji wa hiari wasiolipwa.

Tunayaandika haya tukizifikiria jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Baadhi yake zimejiwekea faini kwa asiyefika sala ya juma au mazishi. Nia ni kujenga mshikamano. Lakini mwenye duka hulipa na kuendelea na biashara yake kwa dhamiri tulivu, huku mama anayefua nguo za watu akikatwa fedha ya unga. Na deni likizidi, huacha kuja kabisa kwa aibu. Hapo faini imemuuzia mmoja ruhusa ya kutokuwepo, na kumfungia mwingine mlango.

Hatusemi michango ifutwe. Sanda na jeneza hugharimu fedha, na kuchangia gharama ya pamoja ni tendo la upendo. Mchango huwaunganisha watu katika mzigo mmoja. Faini huupangia bei mzigo ambao mmoja ameukwepa. Hata bahasha nono iliyotumwa msibani haikai na mfiwa usiku.

Kwa maoni yetu, mwenyekiti wa jumuiya angetangulia kutuma wanajumuiya wawili nyumbani kwa asiyeonekana kabla ya kufungua daftari la faini. Huenda wakamkuta mgonjwa, au ana ugomvi na jirani, au hana nauli. Na katika daftari, mahali palipoandikwa kiasi anachodaiwa, paandikwe tarehe aliyotembelewa na majina ya waliokwenda.