Kunyumbuka

Kupinda na kunyumbuka huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja, na mimi silikubali hilo. Kilichopinda hubaki kimepinda. Kinachonyumbuka hurudi kilivyokuwa. Maabara za metali haziwezi kuishi bila tofauti hiyo.

Katika jaribio alilolieleza Herbert Kolsky mwaka 1949, kipande kidogo cha metali huwekwa kati ya fimbo mbili ndefu za chuma cha pua, kisha fimbo ya kwanza hugongwa kwenye ncha. Kipande hubonyea moja kwa moja. Fimbo zenyewe hunyumbuka tu, na zikizidishiwa pigo hadi zikapinda, vipimo havifai tena.

Wimbi la pigo hukimbia ndani ya fimbo karibu mita 5,000 kwa sekunde. Ubavuni hugundishwa waya mwembamba kuliko unywele. Fimbo ikifupika sehemu moja kwa elfu, ukinzani wa waya hushuka kama asilimia 0.2 (kidogo, lakini mitambo huuona). Wimbi linalorudi hueleza kipande kimebonyea kwa kasi gani. Linalopenya hadi fimbo ya pili hueleza kimehimili nguvu kiasi gani.