Picha ya Mpagazi

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii, msomaji wangu, umeisikia mara nyingi. Lakini je, umepata kuziona nyasi zenyewe? Mimi naliziona katika picha, nami nataka kukuonyesha namna ya kuzitazama.

Picha niitumiayo darasani haina rangi. Watu wanavuka mto kwa mstari mmoja, maji yakiwafika mapajani, na kila mmoja amejitwika sanduku. Chini yake pameandikwa kwamba hao ni wapagazi wa vita. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Waingereza waliotawala Kenya walipigana na Wajerumani waliotawala nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Reli na barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Basi mizigo ya majeshi ikawa juu ya vichwa vya watu. Baadhi yao walikwenda kwa kutaka mshahara. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Waliouawa na kuhara, malaria na kichomi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Hesabu ya serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ilizidi sana hiyo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limesalia vinywani mwetu: ndilo Kariokor ya Nairobi, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mara ya kwanza nilipoifundisha habari hii, naliwaonyesha wanafunzi picha, kisha naliwaambia wajitie katika nafsi ya mpagazi mmoja na kuandika. Kijana mmoja alisimulia jinsi mpagazi wake alivyonyakua bunduki, akaua maadui kumi, akarudi kwao na nishani. Darasa lilimshangilia, nami nalimpa alama za juu. Ndipo msichana mmoja aliponyosha mkono akasema, "Mwalimu, huyo siye mtu wa kwenye picha. Wa kwenye picha hana bunduki."

Nalinyamaza. Alikuwa amesema kweli. Tulidhani tumempa marehemu heshima, kumbe tumemwondoa, tukamweka mwingine mahali pake.

Tangu siku hiyo hatushiki kalamu kabla ya kujibu maswali matatu. Tunaona nini? Nani alishika kamera, naye alisimama wapi? Ni kitu gani kisichoonekana? Swali la pili hufumbua macho ya wengi, maana aliyepiga picha ile alikuwa ukingoni, pakavu, wala hakuwa na sanduku kichwani. Kisha tunasoma vitabu, na sharti letu ni hili: mawazo ya moyoni mwa mtu waweza kuyabuni, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika, bali miaka, maradhi, njaa na mzigo usivibuni, kwa kuwa hivyo vinajulikana.

Msichana yule aliandika upya. Mpagazi wake hakumwua mtu. Alisimama mtoni, shingo ikimwuma, akamtazama mwenye kamera, akajiuliza kama picha ile ingefika kwa mama yake. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Darasa lilikaa kimya, na yule kijana akaomba karatasi nyingine.

Basi nawe, msomaji, yamkini kwenu iko picha ya zamani, sandukuni au ukutani. Itoe leo. Waulize wazee ni nani hao waliosimama humo, maadamu wapo wa kuulizwa. Andika majina nyuma ya picha kwanza, na insha baadaye.