Kawase Hasui

Kawase Hasui (1883–1957), mzaliwa wa Tokyo, ni msanii aliyezihuisha, katika madhehebu ya shin-hanga, yaani chapa mpya, zile mandhari za kale ambazo msanii Hiroshige alikwisha kuzipa umaarufu karne iliyotangulia. Yeye alisawiri tu; kuchonga mbao na kupiga chapa, rangi baada ya rangi, ilikuwa kazi ya mafundi waliosimamiwa na mchapishaji Watanabe Shōzaburō. Moto uliofuata zilzala iliyoikumba Tokyo mwaka 1923 uliteketeza mbao hizo na daftari za michoro za Hasui. Naye, badala ya kukata tamaa, akashika safari ndefu, akarejea na mvua, mbalamwezi, na hasa theluji, ambayo, kwa rai yetu, hakuna wa zama zake aliyeisawiri kwa utulivu kama wake. Mashuhuri mno ni chapa ya 1925: lango jekundu la hekalu la Zōjōji, na mwanamke akipita dhorubani na mwavuli wake.